"Kidogo Tu" Ni Kiasi Gani? Kutoka Mercury ya California Mpaka Nganya na Jahazi

Kila nikiweka picha ya gari la zamani lililorembwa, nyinyi hugawanyika pande mbili. Upande mmoja: "Acheni gari lilivyotoka kiwandani!" Upande wa pili: "Hiyo mbona bado, ongeza!" Na mwenye gari kila siku ana jibu lile lile: "Nimebadilisha kidogo tu."

Kidogo. Wasee, hilo neno lina kazi nyingi kuliko tuktuk ya Malindi mwezi wa Disemba. Kidogo ni kiasi gani? Na ni nani aliyepewa mizani? Nimelifuata hili swali kwenye historia, na jibu langu ni hili: mara nyingi anayeamua "kidogo" si fundi wala mwenye gari. Ni yule mwenye nguvu barabarani.

Tuanze California

Baada ya vita kuisha 1945, vijana wa California walikuwa na magari ya mitumba kama sisi: Ford, Mercury, Chevrolet za miaka ya 30 na 40. Pesa ya gari jipya hakuna, lakini hamu ya kuonekana ipo. Wakaanza na mambo madogo. Ng'oa nembo ya boneti, ziba matundu kwa risasi iliyoyeyushwa (risasi ile madini, si ya bunduki). Ondoa vishikio vya milango. Shusha springi kidogo. Funika magurudumu ya nyuma. Piga rangi moja nzito, ing'ae.

Hayo wakayaita kwa jina ambalo kwetu ningesema ni "gari la upole". Ukilitazama bado wajua hii ni Chevrolet ya mwaka fulani, ila imenyooshwa, kama mtu aliyetoka kinyozi. Lakini ukishika msumeno ukakata nguzo za madirisha ili paa lishuke, umetoka kwenye upole. Mpaka wao ulikuwa paa.

Sasa tazama mchezo ulivyo. Gari maarufu kuliko yote ya zama hizo ni Mercury ya 1951 ya kijana aitwaye Bob Hirohata, iliyotengenezwa 1952 kwenye karakana ya ndugu wawili, Sam na George Barris. Paa lilikatwa. Hakuna upole hapo hata chembe! Na 2017 gari hilo likaingizwa kwenye orodha ya kitaifa ya magari ya kihistoria ya Marekani. Kilichokuwa "mmeharibu gari" kikageuka urithi.

Lakini si kila kijana alipata heshima hiyo. Wamarekani wenye asili ya Mexico walipenda magari yaliyoshuka karibu na lami, yakitembea polepole jioni. Kuanzia 1958 sheria ya California ikasema hakuna sehemu ya gari inayoruhusiwa kuwa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Kijana mmoja, Ron Aguirre, akajibu kwa akili: 1959 akaweka mitambo ya haidroli kwenye Corvette yake. Akimwona polisi, gari lapanda. Polisi akipita, lashuka. Sheria hiyo ilikuja kufutwa jimbo zima Januari 2024. Miaka 66 ya kubishana kuhusu inchi chache!

Sasa turudi nyumbani

Wengi mnadhani magari ya Kimarekani yalikuwa ya sinema tu. Hapana. Enzi za ukoloni yalikuwa mengi Kenya, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: barabara mbovu. Uingereza kodi ya gari ilihesabiwa kwa upana wa pistoni, kwa hiyo Waingereza wakaunda magari ya injini ndogo, ya kutembea kwenye lami yao. Mmarekani aliunda gari la juu, lenye nguvu, la kupita matope. Tena Ford ya Kanada ndiyo iliyokuwa na haki ya kuuza kwenye makoloni ya Mwingereza, na iliyaunda yakiwa na usukani upande wa kulia.

Walowezi na wawindaji walinunua Ford, Chevrolet au Buick, wakaacha chassis na injini, kisha fundi wa hapa akajenga juu yake bodi ya mbao: sanduku, benchi, turubai. Waliyaita magari ya bodi ya sanduku. Wapiga sinema wa Kimarekani Martin na Osa Johnson, walipokuja Kenya 1924 kwenda kuishi Marsabit, walisafiri na Willys-Knight zilizotengenezewa safari.

Fikiria vizuri. Hapo umetupa milango, paa, viti, karibu bodi nzima. Kwa mizani ya California hiyo ni vurugu tupu. Lakini je, kuna aliyesema wanaharibu magari? Hakuna. Iliitwa akili ya safari. Leo hoteli za kitalii zaweka picha zake ukutani.

Sasa chukua matatu ya watu 33. Chassis ni ya lori la Isuzu, na kwa miaka mingi ziliunganishwa Nairobi na General Motors Kenya, kampuni iliyoanzishwa 1975 na Wamarekani wakiwa ndani, ambayo tangu 2017 inaitwa Isuzu East Africa. Bodi hujengwa na mafundi wetu wenyewe: mabomba, mabati, vioo, kuchomelea. Ni kazi ile ile ya bodi ya sanduku! Tofauti ni nani anayeipanda na muziki gani unalia ndani. Moja twaiita historia, nyingine twaiita fujo.

Serikali na mizani yake

1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya uchukuzi, na biashara ikalipuka. Miaka ya 90 nganya zilikuwa jumba la sanaa lenye magurudumu. Halafu ikaja sheria ya Michuki, iliyotangazwa 2003 na kuanza kazi Februari 2004: mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni. Mikanda na vidhibiti mwendo sina neno, watu walikuwa wakifa. Lakini na michoro nayo ikafutwa. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wachore, ni ajira. Novemba 2018 msako ukarudi, na wachoraji wakawa roho juu tena.

Hapo ndipo panaponiuma. Breki mbovu na picha ya msanii ubavuni viliwekwa kapu moja. Breki inaua. Picha haijawahi kumgonga mtu. Mchoraji aliyekuwa akilisha nyumba kwa brashi aliambiwa kazi yake ni hatari sawa na tairi lililoisha. Ukichanganya usalama na ladha, watu huacha kuheshimu vyote viwili.

Pwani tulikuwa na jibu zamani

Kabla ya motokaa yoyote kukanyaga Malindi, chombo chetu kilikuwa jahazi. Na jahazi la Lamu hurembwa: macho mawili ya mbao, ya duara, huku na huku kwenye omo. Nyuma kwenye tezi kuna ubao wa nakshi na rangi. Na jina, lazima jina. Lakini hakuna fundi anayegusa mkuku au mataruma kwa ajili ya urembo. Kinachobeba roho za watu hakichezewi. Kinachotazamwa, remba mpaka macho yaume.

Wazee wana msemo: waenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Huo ndio mzani wangu. Mabadiliko ni "kidogo" kama gari laweza kurudi ngamani. Kwa hivyo nauliza mambo matatu.

Kwanza, je, atakayelinunua baada yako ataweza kulirudisha lilivyokuwa? Rangi, rimu, viti, springi, taa za ndani: sawa. Umehifadhi vile vya zamani kwenye gunia? Sawa zaidi. Ukikata paa, umemwamulia yeye na wanawe.

Pili, je, umegusa kinachookoa maisha? Breki, usukani, taa za mbele, kioo cha dereva. Hapo hakuna kidogo. Hata inchi moja ni nyingi.

Tatu, karatasi. Ukibadilisha rangi, injini au bodi, logibuku lazima ibadilike. Gari jekundu lenye logibuku ya buluu halina upole wowote siku ya kizuizi pale Mtwapa.

Na kuna jambo la haraka kuliko ubishi wetu. Sheria yetu ya uagizaji hukataa magari yaliyozidi miaka 8, na gari la usukani wa kushoto kwa kawaida halisajiliwi. Maana yake, zile Ford na Chevrolet chache za zamani zilizobaki nchini ndizo hizo hizo. Haziongezeki. Na hapa pwani zina adui asiyelala: chumvi. Gari linaloachwa chini ya mkorosho bila kuguswa, eti kwa heshima ya uasili wake, laliwa na kutu kimya kimya. Ukilisubiri liwe safi kama lilivyotoka kiwandani, utakuta sakafu haipo.

Ndiyo maana kati ya anayelificha gari la babu mpaka liwe vumbi, na yule kijana wa Kilifi aliyelipiga rangi isiyokuwepo kiwandani, akaweka rimu za Kijapani na kulitembeza Jumapili, mimi niko na huyo kijana. Amebadilisha gari, ndiyo. Lakini lipo. Mkuku ni ule ule, na siku mtu akitaka, litarudi ngamani.

Sasa nyinyi wa Malindi, Watamu, Kilifi, Mtwapa: mpaka wenu uko wapi? Paa? Rangi? Mngurumo wa ekzosi saa saba za usiku? Semeni. Lakini kabla hujamwambia mtu amezidisha, jiulize kama lile sanduku la Buick la mlowezi ungeliambia hivyo hivyo.