Shahada Peke Yake Haimfanyi Mtu Kuwa Mwalimu



Kila tunapokutana kukumbushana enzi zetu za Kaengesa, huwa hakosi kijana wa kuniuliza: "Kaka, mtu ana shahada yake ya chuo kikuu, kwa nini arudi kusoma tena ndipo aruhusiwe kufundisha Kidato cha Kwanza?" Wanaouliza hivyo ni wale waliokosa kazi waliyoisomea, wakageukia ualimu. Naomba nijibu kwa njia ya historia, kisha nieleze yaliyonipata mimi mwenyewe.

Katika nchi yetu zimekuwapo njia tatu za kumpata mwalimu mwenye shahada. Ya kwanza ni ile aliyoipita Mwalimu Nyerere. Yeye alisomea ualimu Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, akafundisha St. Mary's, Tabora, na ndipo mwaka 1949 akaenda Edinburgh kutafuta shahada, akaipata mwaka 1952. Aliporudi alifundisha Pugu, hadi mwaka 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya siasa. Kwake ualimu ulitangulia, shahada ikafuata.

Njia ya pili ilifuata mtindo wa Kiingereza, nayo ikatia mizizi Makerere: shahada kwanza, kisha mwaka mmoja wa Diploma ya Elimu. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, walimu wa sekondari wenye shahada walikuwa haba mno. Mwaka huo huo ukaanza mpango wa kuleta walimu Afrika Mashariki, ambao kwa upande wa Marekani ulisimamiwa na Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Vijana wengi waliokuja walikuwa na shahada nzuri, lakini hawakuwa wamesomea ualimu. Hao walipelekwa Makerere kwanza, wakajifunza kufundisha, ndipo wakagawanywa katika shule za Kenya, Uganda na Tanganyika. Angalieni jambo hili, ndugu zangu. Shule zilikuwa zikilia kwa kukosa walimu, na bado ilionekana ni afadhali kungoja kuliko kumtupa darasani mtu asiyejua kazi.

Njia ya tatu ni ya kwetu Dar es Salaam. Katika miaka ya 1960 chuo kikuu chetu kiliamua kuunganisha mambo yote mawili. Mwanafunzi alisoma somo lake na ualimu kwa pamoja, akamaliza vyote katika miaka mitatu. Nchi changa ikaokoa mwaka mzima kwa kila mwalimu.

Kwa hiyo utaratibu ulibadilika, ila hakuna njia hata moja kati ya hizo tatu iliyosema kwamba ualimu umo tayari ndani ya shahada.

Zilikuwapo pia njia za mkato. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977, na vijana wa darasa la saba wakafundishwa ualimu huko huko vijijini. Tena zilipojengwa shule za sekondari za kata, wakati wa mpango wa 2004 hadi 2009, vijana wa Kidato cha Sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakaingia madarasani. Watu wakawabandika jina la "voda fasta". Mimi siwacheki. Wengi wao walijiendeleza wakawa walimu wa kutegemewa. Lakini gharama ya mkato ule waliilipa watoto.

Nayasema haya kwa sababu na mimi niliwahi kuwagharimu watoto. Nilianza kufundisha kemia katika shule moja ya binafsi nikiwa na shahada ya sayansi tupu. Nilijaza ubao kwa hesabu za mole mpaka chaki ikaisha, na mtihani ulipokuja karibu darasa zima likaanguka. Nikawalaumu kwa uvivu. Kijana mmoja akanijibu kwa adabu: "Mwalimu, wewe unajua sana. Ila sisi hatujui hicho unachokijua." Usiku ule sikupata usingizi.

Baadaye nilisoma Stashahada ya Uzamili ya Elimu nikiwa kazini. Nilisoma saikolojia ya elimu, mitaala na upimaji, nikajifunza kuandika azimio la kazi na andalio la somo, na mkaguzi akaketi nyuma ya darasa langu na kalamu yake nyekundu. Niliporudi kwenye mole nilianza na dazeni ya mayai. Nikawaambia mole nayo ni jina la idadi tu, ila idadi kubwa mno. Nyuso zikafunguka. Lakini wale wa mwaka wa kwanza walikwisha kwenda zao, na deni lao ninalo mpaka leo.

Wazee wetu wa Ufipa waliyeyusha chuma katika malungu, yale matanuri marefu ya udongo. Chuma kilichotoka humo hakikwenda moja kwa moja kwa mhunzi. Kilitiwa kwanza katika tanuri dogo kikasafishwa, ndipo likafuliwa jembe. Wadogo zangu, shahada ndilo lungu refu. Msilidharau tanuri dogo.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilikwisha sema kwamba mwalimu sharti asajiliwe au awe na leseni. Na katika nafasi za serikali, mwenye shahada isiyo ya ualimu hutakiwa awe na stashahada hiyo. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, huitoa pia kwa watu walio kazini. Basi anayetaka kushika chaki asiione kama adhabu, wala asiihesabu kuwa karatasi ya kupatia mshahara. Aisome kwa ajili ya yule mtoto wa dawati la nyuma anayesema hajui.