Kidhibiti Mota: Istilahi na Historia Yake

Hapo awali mwendo wa mota ndogo ya mkondo mnyoofu ulipunguzwa kwa ukinzani, na sehemu ya umeme ikapotea kuwa joto. Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, hatimaye ilitumiwa kama swichi ya kuwasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa hiyo jina "kipunguza umeme" halitoshi. "Kidhibiti mota" lafaa zaidi, kwani chombo hiki huweza kuongoza hata mwelekeo.

Mota iliyokwama huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kazi. Achaguaye kidhibiti kwa mkondo wa kazi pekee aweza kukiunguza. Hapana budi wafasiri watenganishe "mkondo wa kazi" na "mkondo wa kukwama".