Viti sawa mezani

Nilipoanza kubeba magunia ya kahawa katika bandari ya Kilindini, Mombasa, kilo 60 kila moja, usalama ulikuwa sauti ya mnyapara: akipiga kelele, unaruka. Slingi ya mizigo ikilegea juu ya vichwa vyetu, hakuna aliyetuuliza tumeona nini, ingawa ni sisi tuliokuwa chini yake.

Wazee waliotufunza kazi walikuwa wamegoma Januari 1947. Walikusanyika Kiwanja cha Maskini, makuli, watu wa reli, hata wapishi wa majumbani, Mombasa ikasimama karibu wiki mbili. Walidai mshahara kwanza, na haki yao. Mwenye njaa haanzi kulalamikia vumbi la saruji analovuta kazini. Chege Kibachia, aliyewaongoza, serikali ikampeleka kizuizini Kabarnet mwaka huohuo.

Kuhusu vumbi lenyewe, na usalama kwa jumla, tulingoja mno. Kanuni za Kenya za 2004 ndizo zilizotaka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, wajumbe wa wafanyakazi wakiwa sawa kwa idadi na wa uongozi, na vikao angalau kila miezi mitatu. Sheria ya usalama kazini ya 2007 ikaendeleza hilo. Kwangu, neno zito hapo ni "sawa". Meneja anajua bei ya winchi. Kibarua anajua inavyolia kabla haijakwama. Wapo mabosi ambao bado huchagua wenyewe "wajumbe wa wafanyakazi", wakawanywesha chai, kikao kikaisha.