Kusimamisha si kuzima

Ukipanda kutoka Fort Ternan kuelekea viwanda vya chai vya Kericho, kitenzi “zima” hubeba mzigo mkubwa mno. Taa huzimwa, moto wa boila huzimwa, na kile kitufe chekundu kwenye mashine ya kukata majani nacho husemwa kimeizima. Hapo lugha inaweza kukata vidole vya mtu.

Kitufe cha dharura husimamisha. Kikifungwa vizuri, umeme wa kudhibiti hupita ndani yake muda wote, hivyo hata waya ukikatika mota husimama. Kukizungusha kirudi juu hakupaswi kuianzisha mashine. Lazima mtu abonyeze cha kuwashia. Lakini draivu inayoendesha mota bado ina umeme, na kapasita zake hubaki na chaji kwa dakika kadhaa hata swichi kuu ikishazimwa.

Kwa hiyo naomba mabango mawili. Kwenye kitufe: SIMAMISHA. Kwenye swichi kuu: ZIMA UMEME, pamoja na kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa fundi aliyeingiza mkono kwenye rola.