Nani Alikitoa Kilichomo Ndani ya Mwarobaini?

 

Ndugu msomaji, ikiwa umelelewa Pwani basi mwarobaini waujua. Tumeogeshewa majani yake tulipotoka vipele, tumenyweshwa maji yake tulipopata homa, na uchungu wake haujatutoka ulimini mpaka leo. Nyanya zetu walisema watibu maradhi arobaini, ndio maana ya jina lake. Lakini mimi, wallahi, sikuwahi kujiuliza ni kitu gani hasa kilichomo ndani ya jani lile. Swali hilo lilinijia nikiwa maabara, semista ya pili ya kemia ya oganiki, siku ambayo nilikuwa nimeazimia kuiacha kozi.

Kwa asiyeijua, oganiki ni elimu ya vitu vilivyojengwa kwa kaboni: sukari, mafuta, manukato, dawa nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 19 wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kuwa vitu vya aina hii haviwezi kupatikana ila ndani ya kiumbe hai. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler akatengeneza urea, ile iliyomo kwenye mkojo, bila ya figo ya mtu wala mnyama. Tangu hapo mlango ukafunguka, na sisi wanafunzi tukapata kazi! Pete za benzini, asidi, amini, mishale ya kuonyesha elektroni zinakokwenda, na juu ya hayo alasiri nzima ya maabara kila wiki. Si mchezo.

Siku hiyo tulikuwa tukitoa kafeini kwenye majani ya chai. Unayachemsha majani na sodiamu kaboneti, unachuja, kisha unatia kiyeyushi kisichochanganyika na maji, unatikisa ndani ya chupa yenye koki chini. Kafeini huhamia kwenye kiyeyushi, nawe unafungua koki na kukichukua. Mimi nilitikisa kwa nguvu mno. Vyote viwili vikashikana vikawa kama maziwa, ikabidi nikae kungoja vitengane. Wenzangu wakaondoka. Mwisho nikapata unga kidogo mno, hata kuukwangua kwenye kioo ilikuwa taabu. Rafiki yangu akaniambia, "Andika tu namba nzuri bwana, nani atajua?" Nami nilikuwa nimefunga. Nikaandika ile ile niliyoipima.

Mwalimu alipoiona akacheka, kisha akasema: "Hii uliyoifanya kwa chai, Siddiqui aliifanya kwa mwarobaini." Sikumjua Siddiqui. Nikaenda kumtafuta maktaba.

Salimuzzaman Siddiqui alizaliwa mwaka 1897 karibu na Lucknow, Bara Hindi. Msije mkadhani alizaliwa na chupa ya maabara mkononi. Aligarh alisoma falsafa na Kiajemi, akamaliza mwaka 1919. Mwaka uliofuata akaenda London kusoma udaktari, na baada ya mwaka mmoja akahamia Frankfurt, Ujerumani, akaanza kemia. Alikuwa pia mchoraji, na picha zake zikawekwa kwenye maonyesho huko huko Frankfurt mwaka 1924. Shahada ya udaktari wa kemia akaipata mwaka 1927. Yaani mtu wa vitabu vya falsafa, ameingia kemia akiwa na miaka ishirini na kitu. Nami niliyejiona nimechelewa kwa kuwa nilitoka madrasa, nikanyamaza.

Aliporudi Delhi alifanya utafiti kwenye chuo cha tiba kilichoasisiwa na Hakim Ajmal Khan, tabibu mashuhuri wa tiba ya Kiyunani. Kulikuwa na mzizi ambao matabibu wa Bara Hindi waliutumia kwa muda mrefu, wanasayansi wauita Rauwolfia serpentina. Mwaka 1931 Siddiqui akatoa ndani yake alkaloidi kadhaa. Moja akaiita ajmalini, kumkumbuka yule Hakim aliyekuwa ameshafariki. Ajmalini ikaja kutumiwa na madaktari wa moyo katika mambo ya mapigo yaendayo mrama. Na mwaka 1952 wanakemia wa Uswisi wakatoa resapini kwenye mzizi ule ule, ikawa dawa ya presha.

Kisha ukaja mwarobaini. Mwaka 1942 aliyachukua mafuta yake, akayapitisha kwenye kiyeyushi kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikachukua kilicho chake. Akapata vitu vitatu vichungu: nimbini, nimbinini na nimbidini. Mwaka 1951 akahamia Pakistan, na mwaka 1967 akaanzisha taasisi ya kemia katika Chuo Kikuu cha Karachi. Alifariki mwaka 1994, akiwa na miaka 96.

Kazi haikuishia kwake. Mwaka 1968 Waingereza wakatoa azadiraktini kwenye mbegu za mwarobaini, kitu kinachomfanya nzige akatae kula. Kuitengeneza maabara kulikuja kufanikiwa Cambridge mwaka 2007, baada ya miaka 22 ya jitihada. Miaka 22, kampaundi moja! Nami nilikuwa nimekata tamaa kwa alasiri moja.

Huenda msomaji akasema, haya si mageni, sisi tunaye al-Razi. Kweli, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita al-Razi alivieleza vyombo vya maabara na jinsi ya kuvitumia, na hata neno alkoholi asili yake ni Kiarabu. Lakini kumtaja al-Razi kwenye mihadhara hakutatupatia mtihani, wala hakutamwambia mama kiasi gani cha dawa kinamfaa mtoto wake. Na hili la kiasi si la kufanyia mzaha. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Mti ni ule ule, na nia ya mzazi ilikuwa njema.

Hapo ndipo niliponielewa nafasi yangu. Nyanya yangu aliujua mti. Siddiqui aliuheshimu ujuzi wa wazee kama yeye, hata akaipa dawa jina la tabibu wa kienyeji, lakini hakutosheka kusema "yatibu". Aliuliza ni nini kinachotibu, na akakaa na chupa zake mpaka akakipata. Watu wa kukaa hivyo kwetu ni wachache.

Kozi sikuiacha. Wewe uliyeko fomu foo na unaambiwa kemia si ya watoto wa madrasa, jaribu. Ukitikisa sana, vikashikana, ngoja. Vitatengana, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.