Kutoka Elista hadi kwenye skrini: Wizi wa sataranji ulivyopata kipimo

Septemba 2026 ni miaka 20 tangu pambano la ubingwa wa dunia wa sataranji likwame kwa sababu ya choo.

Ilikuwa Elista, mji mkuu wa Kalmykia nchini Urusi. Tangu 1997, kompyuta ya Deep Blue ilipomshinda bingwa Garry Kasparov, kila mtu alijua kompyuta inaweza kumzidi bingwa. Baada ya michezo minne Vladimir Kramnik alikuwa mbele kwa pointi 3 kwa 1 dhidi ya Veselin Topalov wa Bulgaria. Ndipo meneja wa Topalov, Silvio Danailov, alipolalamika kwamba Kramnik anakwenda mno chooni, mahali pekee pasipo na kamera, kana kwamba huko anasaidiwa na kompyuta. Kamati ya rufaa ikafunga vyoo vya wachezaji na kuwaamuru watumie kimoja. Kramnik akagoma. Saa ikawashwa, hakutokea, na Topalov akapewa ushindi wa mezani.

Pambano liliporejea, Danailov akatoa takwimu: kwa wastani, asilimia 78 ya hatua za Kramnik zililingana na chaguo la Fritz 9, programu ya kompyuta ya sataranji. Kramnik alitwaa ubingwa Oktoba 13, lakini tuhuma ilikuwa imeshasambaa.

Takwimu hiyo ilimkera Kenneth Regan, profesa wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani, na mchezaji mahiri. Asilimia 78 ukilinganisha na nini? Mchezaji akiliwa malkia, na yeye akaweza kumla wa mwenzake papo hapo, hata mwanafunzi atacheza sawasawa na kompyuta. Regan akachambua michezo ya watu wa kila kiwango, akakadiria ni mara ngapi mchezaji mwaminifu wa kiwango fulani hulingana na programu, kisha akapima mshukiwa amevuka kadirio hilo kwa kiasi gani.

Korona ya 2020 ikahamishia mashindano nyumbani, kusiko na mwamuzi. Tovuti ya Chess.com, ambako watu huchezea mtandaoni, hutazama pia muda wa kufikiri, na kama mchezaji alihama dirisha la mchezo kisha akarudi na hatua bora. Mwaka 2022, baada ya bingwa wa dunia wa wakati huo, Magnus Carlsen, kujitoa kwenye mashindano ya St. Louis alipofungwa na kijana Hans Niemann, ripoti ya tovuti hiyo ya kurasa 72 ilisema huenda kijana huyo alidanganya katika michezo zaidi ya 100 ya mtandaoni. Niemann alikiri kudanganya utotoni tu. Regan alipopima michezo yake ya ana kwa ana, hakuona ushahidi wa wizi.

Inauma kwamba asilimia tupu kama ile ya Danailov bado zinarushwa mitandaoni kila kijana anapomwangusha bingwa, ilhali kipimo kipo. Anayemwita mwenzake mwizi aeleze ni hatua zipi anazitilia shaka, na amezilinganisha na michezo ya wachezaji wa kiwango gani.