Waziri wa Maliasili: Kiti Kimoja, Kazi Tatu Zinazogombana

Zakia Meghji alishika Wizara ya Maliasili na Utalii ya Tanzania kuanzia 1997 hadi 2005. Tangu alipoihama, kati ya Januari 2006 na Agosti 2024, marais walifanya uteuzi mara 13 kujaza nafasi yake. Walioteuliwa ni watu 11, wawili kati yao, Jumanne Maghembe na Pindi Chana, mara mbili kila mmoja. Katika wote hao hakuna aliyekaa mfululizo hata nusu ya muda wa Meghji.

Ni rahisi kusema kwamba siasa ndivyo zilivyo, leo huku kesho kule. Lakini ukiifuatilia historia ya wizara hii tangu kabla ya Uhuru, utaona kwamba tatizo limejengwa ndani ya kazi yenyewe. Waziri wa Maliasili anatakiwa kulinda wanyama na misitu, kuviingiza sokoni ili vilete fedha ya kigeni, na wakati huohuo kuishi kwa amani na wananchi waliopakana na hifadhi. Mshika mawili moja humponyoka, na huyu amekabidhiwa matatu.

Mizizi iko mbali. Mwaka 1896, Gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann alitoa amri ya kudhibiti uwindaji kwa leseni na kutenga maeneo mawili ya hifadhi, moja Rufiji na jingine magharibi mwa Kilimanjaro. Tangu hapo mwindaji wa kijijini asiye na kibali akawa mhalifu, na mgeni mwenye fedha ya leseni akawa mteja. Waingereza walipochukua nchi waliunda Idara ya Wanyamapori mwaka 1919, ambayo maofisa wake wananchi waliwaita Bwana Nyama. Bwana Nyama huyohuyo ndiye aliyemkamata mwindaji haramu na ndiye aliyeitwa tembo walipovamia mashamba. Mwaka 1922 pori la kusini likapewa jina la Frederick Selous, mwindaji na askari wa Kiingereza aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917. Miaka ya 1940 pori hilo lilipanuliwa, na maelfu ya watu wa Liwale wakahamishwa, sababu iliyotajwa ikiwa ugonjwa wa malale.

Serengeti nayo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa nayo, Wamaasai wakaondoka Serengeti kwa ahadi kwamba Ngorongoro wangeishi na mifugo yao pamoja na wanyamapori. Ahadi hiyo ilitolewa na serikali ya kikoloni, lakini wa kuulizwa juu yake wamekuwa mawaziri wa serikali huru.

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, mkutano wa kimataifa wa uhifadhi ulifanyika Arusha. Hapo Julius Nyerere, pamoja na Chifu Abdallah Fundikira na Tewa Said Tewa, walitoa tamko lililokuja kujulikana kama Manifesto ya Arusha, wakiahidi kuwatunza wanyamapori kama dhamana kwa vizazi vijavyo. Nyerere hakuficha kwamba yeye binafsi hakuwa na mapenzi makubwa ya kutazama wanyama. Alichokiona ni kwamba watu wa Ulaya na Marekani wangelipa kuwaona, na kwamba baada ya almasi na mkonge hiyo ingekuwa njia ya tatu ya kuipatia nchi fedha. Kwa hiyo tangu mwanzo uhifadhi na biashara vililala kitanda kimoja.

Tewa ndiye aliyekuja kuwa Waziri wa Ardhi, Misitu na Wanyamapori, na mwaka 1963 Chuo cha Mweka kikafunguliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro kufundisha Waafrika kazi iliyokuwa ya Wazungu. Baada yake wizara ilibadilishwa sura mara nyingi. Miaka ya 1980 ilikuwa ya Ardhi, Maliasili na Utalii. Mwaka 1990 ikawa ya Utalii, Maliasili na Mazingira. Mazingira yalihamia Ofisi ya Makamu wa Rais mwaka 1995, na uvuvi ukaenda kuungana na mifugo mwaka 2008. Madini, ambayo wengi wangeyahesabu maliasili ya kwanza, yamekuwa na waziri mwingine. Waliobaki kwa waziri huyu ni wanyamapori, misitu, nyuki, malikale na mtalii.

Jinsi ya kuoanisha biashara na ulinzi halikuwa swali jepesi. Mwaka 1973 serikali ilifunga uwindaji wa kitalii, na mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori. Uwindaji ulifunguliwa tena 1978, ukisimamiwa na shirika la umma la TAWICO. Wakati huo bei ya pembe ilikuwa inapanda duniani, na majangili wakaingia porini na bunduki za kivita. Selous peke yake ilikadiriwa kuwa na tembo 110,000 hivi katikati ya miaka ya 1970. Kufikia 1989 walikuwa wamebaki karibu 30,000. Ndipo ilipoanzishwa Operesheni Uhai, iliyowaunganisha wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori. Mwaka huohuo Tanzania ilikuwa mstari wa mbele, sauti yake ikiwa Mkurugenzi wa Wanyamapori Costa Mlay, kudai biashara ya pembe za ndovu ipigwe marufuku duniani, na Oktoba 1989 ikapigwa.

Ushindi huo haukutuliza mambo upande wa biashara. Mwaka 1992, chini ya Waziri Abubakar Mgumia, kitalu cha uwindaji cha Loliondo kilipewa mwanajeshi wa Falme za Kiarabu, Brigedia Mohamed Abdulrahim al-Ali, kwa miaka kumi. Mwandishi Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi aliandika kuhusu jambo hilo bila kuchoka, Bunge likalijadili, na jina Loliondo halijawahi kutoka kwenye magazeti tangu hapo. Mwaka 2010 wanyama hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga, walipakiwa kwenye ndege katika Uwanja wa Kilimanjaro (KIA) na kupelekwa Qatar. Mei 2012, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuchafua hali ya hewa bungeni, Rais Jakaya Kikwete aliwaacha mawaziri sita. Ezekiel Maige wa Maliasili alikuwa mmoja wao.

Mrithi wake, Khamis Kagasheki, aliangushwa na kazi ya ulinzi. Ujangili ulikuwa umerudi kwa kishindo: hesabu ya mwaka 2009 ilikuwa tembo 109,051, na ya 2014 ikaja na 43,330. Oktoba 2013 ilianzishwa Operesheni Tokomeza. Malalamiko ya mauaji, mateso na mifugo kuuawa yakamiminika, na kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli ikayathibitisha. Tarehe 20 Desemba 2013 Kagasheki alitangaza bungeni kwamba anajiuzulu. Siku hiyohiyo uteuzi wa mawaziri wa Ulinzi, Mambo ya Ndani na Mifugo ulitenguliwa.

Kazi ya tatu, ya kuishi na wananchi, inasomeka vizuri zaidi katika kilomita za mraba 1,500 za Loliondo. Machi 2013 Kagasheki alitangaza kwamba zingetengwa kwa uhifadhi. Septemba mwaka huohuo Waziri Mkuu Mizengo Pinda akawaambia wananchi wabaki. Mwaka 2017 operesheni ya kuwaondoa ilianza, na Hamisi Kigwangalla alipoteuliwa akaisimamisha. Juni 2022 mipaka ikawekwa, na eneo likaja kuitwa Pololeti. Mwaka huo pia familia za Ngorongoro zilianza kuhamia Msomera, wilayani Handeni. Kila waziri alikuwa na neno lake, na mfugaji hakujua alishike lipi.

Biashara, kwa upande wake, imestawi. Mwaka 2024 nchi ilipokea watalii wa kigeni zaidi ya milioni 2.1, na utalii unaleta takriban robo ya fedha zote za kigeni. Usimamizi nao umegawanywa kwa taasisi: TANAPA kwa hifadhi za taifa, Mamlaka ya Ngorongoro kwa kreta na nyanda zake, TFS kwa misitu, na TAWA, iliyoundwa mwaka 2014, kwa mapori ya akiba. Hata hivyo, zote zinaripoti kwa mtu mmoja, na ugawaji wa vitalu vya uwindaji nao uko chini ya wizara yake.

Historia ya zaidi ya miaka 60 inaonyesha kwamba kumwondoa waziri hakuondoi mgogoro, unamsubiri tu anayefuata. Kinachopaswa kubadilishwa ni sheria. Mamlaka ya kugawa vitalu yatoke mikononi mwa mlinzi wa wanyama, na mashauri ya ardhi kati ya hifadhi na vijiji yaamuliwe na chombo kisichonufaika na upande wowote. Bunge lililomhoji Mgumia, Maige na Kagasheki lina uwezo wa kufanya hivyo. Lisisubiri waziri mwingine aanguke.